Fundi Aliyeutambua Mshono Wake

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Ni saa nne na dakika tano asubuhi, chai yangu iko mezani na imeshapoa, na leo sitaanza kwa utani kama mlivyonizoea. Leo nina hasira. Wakubwa zangu wameniambia niipunguze kabla sijaingia hewani. Nimejaribu. Imekataa.

Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Mwanamke wa miaka arobaini na sita. Mtaani kwetu tulimwita Fundi Akiba, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Aliuawa miaka mitatu iliyopita, siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, ndani ya duka lake, mlango ukiwa wazi na watu wanapita barabarani. Alikuwa mwanamke wa tano kuuawa na mtu yule yule. Wa tano, na wa mwisho. Akawa wa mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyemkamatisha. Shikeni hilo, maana hamkulisoma popote.

Jumanne iliyopita hukumu ilisomwa. Kifungo cha maisha. Magazeti yote yamejaa sura ya muuaji. Wamempa hata jina la kutisha, kama la mcheza mieleka. Tumeelezwa alisoma mpaka darasa la ngapi, anapenda kula nini, na kwamba nyumbani alifuga njiwa. Fundi Akiba yeye amepata maneno manne: "na fundi mmoja cherehani." Mtu ameua wanawake watano, na sisi tunahesabu njiwa wake. Kwenye kipindi hiki jina la mtu huyo halitatajwa. Limeshashiba. Nitamwita fundi bomba, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomfungulia milango ya watu.

Kabla ya kuja hapa nilimwendea dada mkubwa wa marehemu kuomba ruhusa. Ni mpishi wa shule, mama wa sauti ya chini na mikono ya kazi. Hakunikaribisha kiti. Aliniambia maneno haya, nami niliyaandika pale pale: "Ukimsema mdogo wangu, sema yote. Sema na siku alizokuja kwenu. Ukiruka hapo, basi usimtaje kabisa. Abaki na yale maneno yake manne."

Nilimwahidi. Wakubwa zangu wameshauri tuliguse jambo hilo juu juu, kwa faida ya kituo. Basi mjue mapema nilichobeba leo. Nikitimiza ahadi ya yule mama, huenda hii ikawa Jumapili yangu ya mwisho nanyi. Nisipoitimiza, sina uso wa kupita mtaani kwake.

Tuanze mwanzo.

Fundi Akiba alijifunza kushona akiwa na miaka kumi na mitano, kwa shangazi yake, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Ila shangazi hakumruhusu kushona. Kwa mwaka mzima alimpa wembe na nguo kuukuu, afumue. Dada yake anakumbuka: "Tulimcheka sana. Wenzake wanajifunza ufundi, yeye anasomea ubomoaji." Lakini ndivyo alivyoijua nguo kwa ndani. Sisi tukimwona mtu amevaa vizuri tunamtazama kwa mbele. Fundi Akiba alikuwa anakamata pindo na kuligeuza, uwe unataka au hutaki, uwe kwenye foleni ya benki au kwenye msiba.

Jina la Akiba lilitoka hapo hapo kwenye mshono. Mafundi wengi huacha kitambaa cha kidole kimoja ndani ya mshono. Yeye aliacha vidole vitatu. Alikuwa anasema mwanamke hanenepi kwa ratiba. Mimi nilikuwa na gauni moja la buluu alilonishonea kwa harusi ya binamu yangu. Alilipanua mara tatu ndani ya miaka saba. Mara ya nne akalipindua, akanitazama juu mpaka chini, akaniambia, "Shoga, hapa akiba imekwisha. Ama tushone jingine, ama upunguze mkate." Nilinuna siku mbili, halafu nikampelekea kitambaa.

Na ile akiba aliipiga mshono wa kuzuia nyuzi kwa masalio ya uzi. Nje ya nguo rangi moja, safi kabisa. Ndani utakuta nyekundu, njano, kahawia, chochote kilichobaki kwenye kibiringo. Tulipomtania alijibu kwamba nje ni kwako wewe, ndani ni kwangu mimi.

Alikuwa na daftari la vipimo, kubwa, la jalada gumu. Kila mteja na ukurasa wake. Hakuandika kifua na kiuno tu. Aliandika mwili wako kama ulivyo: mkono wa kulia mrefu, hapendi kubanwa shingo, akikaa anakunja mgongo. Na jambo la mwisho, ambalo naomba mlikumbuke. Mafundi cherehani mnawajua kwa habari ya siku. Ukiambiwa njoo kesho, hiyo kesho ina watoto na wajukuu. Fundi Akiba hakuwa hivyo. Akikwambia Alhamisi saa nane, ni Alhamisi saa nane, nguo imekunjwa, inakungoja. Mtaa mzima ulilijua hilo.

Sasa wasikilizaji, wanawake walianza kupotea.

Ndani ya miaka miwili walipotea wanne, wote wa mitaa yetu. Wa kwanza aliuza duka la dawa. Wa pili alifua nguo za watu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa chekechea. Wa nne alikuwa karani wa ghala. Wote wanne waliishi peke yao, chumba cha kupanga. Wote wanne bomba liliwahi kuvuja. Na nani bomba lake halijawahi kuvuja?

Mama wa mwalimu alikwenda kituo cha polisi mara sita. Mara ya sita askari wa kaunta alimwambia, "Mama, binti yako ni mtu mzima. Ametoroka na bwana, utaona atarudi na mjukuu." Huyo ni askari. Na sisi majirani je? Sisi tulisema wasichana wa siku hizi. Mimi nilisema. Nilisema nikiwa nimekaa kwenye kiti cha saluni, nasukwa, na wote tukacheka.

Fundi bomba mwenyewe tulimpenda. Kucha safi, maneno ya taratibu, akimaliza kazi anafuta sakafu. Aliwahi kuja kwangu kutengeneza bomba la jikoni. Nilimpa chai. Siku ile mume wangu alikuwa amelala chumbani, homa imemshika, hakwenda kazini. Alipokohoa kule ndani, fundi bomba aliinua kichwa akaniuliza, "Kumbe baba yupo?" Nikamjibu yupo, mgonjwa. Akamaliza haraka, akaondoka. Miaka mitatu sasa kikohozi kile kinanirudia masikioni.

Mwaka ule Fundi Akiba alikuwa amehamisha duka, mwenye nyumba ya zamani alitaka pake. Alihamia mtaa wa nyuma ya posta, na bado hakuwa ameweka kibao. Ukipita unaona cherehani na mwanamke, basi. Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, fundi bomba aliingia pale na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na gauni la kijani, vifungo vya mgongoni. Alisema ni la mke wake, kiuno kimembana, lipanuliwe. Halafu akaongeza neno, na neno hilo ndilo lililomfunga maisha. Alisema bega la kushoto linakaa vibaya, fundi aliyelishona alikosea.

Aliyelishona alikuwa mbele yake.

Fundi Akiba alilipindua gauni. Ndani akakuta vidole vitatu vya akiba, uzi mwekundu, njano na kahawia. Akapeleka mkono begani. Mwalimu wa chekechea alivunjika mtulinga, mfupa wa bega, utotoni, bega lake la kushoto lilishuka kidogo. Fundi Akiba alikuwa ameongeza kipande cha kitambaa ndani ya bega lile, kwa siri, ili mwalimu akisimama mbele ya wazazi aonekane amenyooka. Hakuna mwanamke mwingine ambaye gauni lile lingemkaa sawa. Jioni ile alimwambia dada yake: "Dada, amenitazama machoni akaniambia fundi alikosea. Nikamwambia ndiyo, kweli alikosea, niachie nitalirekebisha. Nikachukua jina lake na namba yake ya simu. Nikampa siku ya Alhamisi."

Saa nane mchana wa Jumatatu hiyo hiyo alikuwa kituo cha polisi, na gauni, na daftari. Akamkuta askari yule yule wa kaunta. Akamfungulia ukurasa wa mwalimu, palipoandikwa bega la kushoto limeshuka. Akampindulia mshono. Askari akamwambia, "Mama, nguo zinafanana." Akaeleza tena. Askari akasema labda mwalimu aliliuza kabla hajatoroka. Akaeleza mara ya tatu. Hapo askari akampa msaada wake wote. Alimwambia hivi: "Huyo mtu akija kuchukua nguo yake, mwambie apite hapa kituoni."

Nairudia, kwa walioamka sasa hivi. Mwanamke amekuja na nguo ya mtu aliyepotea. Ana jina la aliyeileta. Ana namba yake ya simu. Akaambiwa amtume muuaji apite kituoni kwa miguu yake mwenyewe.

Alirudi dukani na akili yake. Alichukua mkasi, akakata kipande cha akiba kutoka ubavu wa kushoto wa gauni, akakibana kwa pini kwenye ukurasa wa mwalimu. Kisha akaamua gauni halitoki. Alhamisi fundi bomba alipokuja, akamwambia bado, njoo Jumamosi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kumrudisha mteja.

Na Alhamisi hiyo hiyo, saa tisa alasiri, alikuja hapa redioni.

Alinikuta mapokezi. Alikuwa na karatasi ya mistari, ameandika kwa mkono. Tangazo la sentensi mbili, maana ndugu za waliopotea hakujua wanakoishi. "Yeyote aliyepotelewa na ndugu mwanamke, na ndugu huyo alivaa nguo nilizoshona mimi, aje dukani kwangu nyuma ya posta na nguo yake yoyote. Nataka kulinganisha mishono." Hakumtaja mtu. Hakumtuhumu mtu. Alikuwa na busara kuliko jengo hili zima.

Nilimwambia hatusomi tangazo la aliyepotea bila barua ya polisi yenye muhuri. Akaniambia, "Barua wanatoa wao, na wao wananicheka, sasa nipite mlango gani?" Nikatazama saa. Nilikuwa na kipindi cha salamu baada ya dakika kumi. Nikamwambia, "Njoo Jumatatu, shoga yangu, tutaona." Akanitazama, akacheka kidogo. Akasema, "Na wewe umeanza kuwa fundi."

Jumamosi fundi bomba alirudi mara ya pili. Akaambiwa cherehani imeharibika, aje Jumatano. Alipotoka alisimama kwa msusi wa jirani, akalalamika kwa utaratibu wake ule. Msusi alikuwa na mteja mkononi. Alicheka. Alimwambia, "Fundi Akiba akurudishe mara mbili? Huyo hajawahi kumrudisha mtu tangu azaliwe. Labda nguo yako ina jini." Yule mtu naye akacheka. Akauliza, kwani huyu ndiye Fundi Akiba anayesemwa? Msusi akamwambia ndiye, nani asiyeshonewa naye hapa mjini.

Msusi aliniambia hivi, na machozi yanamtoka: "Nilimjibu nina kitana mdomoni. Hata sikumtazama." Dada yangu msusi, najua unasikiliza. Ulisema ukweli kumhusu mwanamke mkweli. Ulikuwa kazini. Wewe huna deni na mtu, na anayekunyooshea kidole mtaani aje kwanza hapa aninyooshee mimi.

Maana Jumatatu, wasikilizaji, Fundi Akiba alirudi. Mimi nilimwambia njoo Jumatatu, na yeye hakuwa mtu wa kukosa siku. Saa tatu kamili alikuwa amekaa mapokezi, daftari mapajani. Mama wa mapokezi akanipigia simu ya ndani. Nikamwambia amjibu niko kwenye kikao.

Hakukuwa na kikao. Nilikuwa nakunywa chai na wenzangu, tunazungumzia mpira. Alikaa pale dakika arobaini, kisha akaaga, akaacha ile karatasi.

Ndiyo hayo niliyoahidi kusema. Sikuwa na shughuli. Sikuwa naumwa. Nilimwona msumbufu, nikamficha uso. Sentensi mbili tu. Ningezisoma Alhamisi, mama wa mwalimu angefika nyuma ya posta anakimbia, na gauni jingine mkononi. Duka lingejaa watu. Jumatano saa tano, mtu yule angekuta umati. Alimkuta peke yake.

Jumanne jioni Fundi Akiba alilipeleka daftari kwa dada yake. Alimwambia, "Nikichelewa kulifuata, mpelekee mkubwa wa kituo mwenyewe. Usimpe yule wa kaunta." Jumatano msusi ndiye aliyemkuta. Sitaeleza zaidi, dada yake yuko redioni ananisikiliza. Gauni halikuwepo.

Dada alizika, akafuta machozi, akalichukua daftari. Alisimama mlangoni kwa mkubwa wa kituo tangu asubuhi mpaka alipofunguliwa. Kuna kipande cha kijani kimebanwa kwa pini. Kuna namba ya simu. Kuna tarehe tatu, kwa mwandiko wa mtu anayepima kila kitu. Askari walipofika nyumbani kwa fundi bomba, mke wake alikuwa jikoni anamenya viazi, hajui lolote, maskini. Alikuwa amelivaa gauni lile. Bega la kushoto lilimkaa vibaya. Walilipindua ubavuni, wakaweka kile kipande, kikaingia mahali pake. Baada ya hapo ndipo wale wanne walipopatikana, mahali ambapo sitapataja, kwa kuwa mama zao nao wana redio.

Wiki ile kila mtu mjini alisema kikulacho ki nguoni mwako. Tulisema tukatikisa vichwa, tukarudi kulala, kana kwamba methali nayo ni kazi. Yule askari wa kaunta alihamishwa. Nimesikia amepandishwa cheo. Nimempigia simu mara nyingi, hapokei. Na mimi nikapewa kipindi kikubwa zaidi, hiki hiki. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa swali.

Kwa dada wa marehemu, mpishi wetu, nakupa pole. Nakupa pole mbele ya watu wote, kwa kuwa kosa nililifanya nyuma ya mlango. Siombi unisamehe leo. Kwa familia za dada muuza dawa, dada mfua nguo, mwalimu na karani, poleni. Mabinti zenu hawakutoroka na bwana yeyote. Walisingiziwa wakiwa hawawezi kujibu, na waliowasingizia ni sisi.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba mtafakari jambo moja tu. Mtu anapokuja kwako mara ya pili na jambo lile lile, ujue ya kwanza hukumsikiliza. Mkalishe. Zima simu. Mwulize aanze upya.

Juzi nilifungua droo ya chini pale mapokezi. Kuna faili limeandikwa "Pungufu." Ndani nimekuta matangazo kumi na mawili ya watu waliopotea, yote hayana barua ya polisi, yote hayakusomwa. Moja ni la Fundi Akiba, hilo mmeshalisikia. Yamebaki kumi na moja. La zamani lina miaka mitano. La karibuni ni la mwezi uliopita, yaani hata baada ya yote haya tuliendelea. Nimeonywa kwa maandishi kwamba nikisoma hata moja, nikusanye vitu vyangu. Mkurugenzi yuko upande wa pili wa kioo, amesimama, ananionyesha mkono. Fundi mitambo, mzee mwenzangu, amekunja mikono kifuani na hajagusa kitu.

Haya. La kwanza. Anatafutwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Ni mrefu, ana kovu juu ya jicho la kulia. Alionekana mara ya mwisho asubuhi ya Jumatatu akifunga mlango wa chumba chake. Mama yake anauliza yuko wapi.

La pili.